Habari Zilizochongwa Kwenye Mti

Moto ulianza usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1842 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Ulipozimika siku tatu baadaye, sehemu kubwa ya mji mkongwe ilikuwa majivu, makanisa yameanguka, watu 51 wamekufa na wapatao 20,000 hawana pa kulala. Habari hizo zilipovuka bahari na kufika London, zililikuta gazeti jipya likijiandaa kutoka kwa mara ya kwanza tarehe 14 ya mwezi huo huo. Gazeti hilo, Illustrated London News, lilikuwa limewaahidi wasomaji kwamba kila juma, bila kukosa, litawaonyesha habari za dunia kwa picha.

Gazeti halikuwa na mchoraji huko Hamburg, na muda wa kumtuma mtu haukuwapo. Wenye gazeti wakaenda kwenye jumba la makumbusho la British Museum, wakatafuta picha ya zamani ya mji ule, wakainakili, kisha wakaongeza ndimi za moto, moshi mzito, mashua majini na watu wanaotazama. Msomaji aliyetoa peni sita alijiona kama yuko ng'ambo ya mto, anautazama mji ukiteketea. Kumbe alikuwa akiutazama mji uliochorwa ukiwa mzima, ukachomewa moto juu ya meza ya mchoraji London.

Mtu wa leo atasema wasomaji walidanganywa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na inatunyima jambo la maana zaidi. Kwa karibu nusu karne, kuanzia toleo lile la kwanza hadi miaka ya 1890, takribani kila picha iliyochapwa gazetini ilikuwa ushahidi uliopokezanwa. Ulitoka kwa aliyeona, ukaenda kwa aliyechora upya, ukafika kwa waliochonga, ndipo ukamfikia msomaji. Kila mkono uliugusa na kila mkono ulitia chake. Sehemu kubwa ya sura tulizo nazo za karne ya 19, zikiwemo sura za Ujiji na Unguja, zilitufikia kwa njia hiyo. Asiyeijua njia hiyo hawezi kuzisoma picha zenyewe.

Mwuza magazeti aliyetazama wateja wake

Mwanzilishi wa gazeti lile, Herbert Ingram, alizaliwa mwaka 1811 Boston, mji mdogo wa Lincolnshire, Uingereza. Hakuwa msomi wala mchoraji. Alikuwa mpiga chapa na mwuza magazeti katika mji wa Nottingham, na elimu yake kubwa aliipata nyuma ya meza ya duka. Aliona kwamba siku gazeti lolote likitoka na picha, hata moja, linakwisha upesi. Mwaka 1837 gazeti la Weekly Chronicle lilichapisha picha za kesi ya mauaji iliyokuwa gumzo la Uingereza nzima, na likagombaniwa. Ingram akajiuliza: ikiwa picha moja moja inauza hivi, itakuwaje gazeti likijaa picha kila juma?

Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 16 na picha 32, nalo liliuza nakala 26,000. Waigaji hawakuchelewa. L'Illustration lilianza Paris Machi 1843, na Illustrirte Zeitung likaanza Leipzig Julai mwaka huo huo. Mchongaji kijana wa Ingram aitwaye Henry Carter alihamia Marekani mwaka 1848, akajiita Frank Leslie, na mwaka 1855 akaanzisha gazeti la picha mjini New York. Miaka miwili baadaye likaja Harper's Weekly. Kwa hiyo muda usiozidi miaka 15 baada ya Hamburg, miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilikuwa imezoea kuziona habari pamoja na kuzisoma.

Kamera ilikuwapo wakati huo. Louis Daguerre alikuwa ametangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, miaka mitatu kabla ya gazeti la Ingram. Ila njia za mwanzo za kupiga picha zilikuwa na upungufu mmoja uliolifunga gazeti mikono. Picha ya kamera ina weusi, weupe na vivuli vingi katikati, lakini mashine ya chapa inajua mambo mawili tu: penye wino na pasipo wino. Kivuli hakichapiki. Hivyo picha iliweza kupigwa, kubandikwa ukutani na kuuzwa dukani, lakini kuichapa pamoja na herufi katika ukurasa mmoja haikuwezekana. Kilichowezekana ni mti.

Kibao na patasi

Ufundi wenyewe ulistawishwa na Thomas Bewick wa Newcastle, aliyefariki mwaka 1828. Badala ya kuchonga ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti, Bewick alichonga kwenye uso wa mti uliokatwa kwa upana, pale ambapo nyuzi za mti zimesimama wima na mbao ni ngumu kama pembe. Kwa patasi nyembamba ya chuma aliweza kuchora mstari mwembamba mno, na kibao kilistahimili maelfu ya nakala bila kuharibika. Faida kubwa zaidi kwa magazeti ilikuwa kimo. Kibao kilikatwa kiwe sawa na herufi za risasi, hivyo picha na maneno vilipangwa pamoja, vikapakwa wino pamoja na kuchapwa kwa mkandamizo mmoja.

Mti uliofaa kuliko yote uliitwa boksi, na ulitoka hasa Uturuki na nchi za jirani yake. Ni mti unaokua polepole na shina lake ni jembamba, kwa hiyo kibao kimoja hakikuweza kubeba picha kubwa. Mafundi wakaunganisha vibao vidogo kwa skrubu na nati kwa nyuma, mpaka vikatosha ukurasa mzima au kurasa mbili. Dawa ya wembamba wa mti ikawa pia dawa ya uhaba wa muda. Mchoro ukishachorwa juu ya kibao kikubwa, nati zililegezwa, vipande vikatawanywa, na kila mchongaji akakaa na chake usiku kucha chini ya taa. Huyu alipata kipande cha anga, yule miguu ya farasi, mwingine nusu ya umati. Kabla ya kugawa, fundi mkuu alichonga kidogo kwenye maungio ili mistari ikutane vizuri. Alfajiri vipande vilifungwa tena na picha ikawa moja. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa majuma ilimalizika kwa usiku mmoja au siku chache. Baadaye kibao kilitolewa nakala ya shaba, na nakala hiyo ndiyo iliyoingia mashinani.

Tuifuate basi safari ya picha moja. Mchoraji aliyetumwa vitani alikuwa na daftari na penseli. Alichora haraka, mara nyingi akiwa amejibanza nyuma ya ukuta au juu ya farasi, na alichokosa nafasi ya kukichora alikiandika pembeni: hapa miti, hapa moshi, kikosi hiki kina watu kadhaa. Karatasi ilisafiri kwa posta, kwa meli au kwa tarishi, siku nyingi au majuma. Ikifika ofisini ilikabidhiwa mchoraji mwingine, ambaye hakuwa ameikanyaga nchi ile. Yeye ndiye aliyeigeuza mistari ile michache kuwa picha kamili juu ya kibao kilichopakwa chokaa nyeupe, tena kinyumenyume, kulia kuwa kushoto, ili chapa itoke sawa. Penye neno "miti" alichora miti anayoijua yeye. Penye neno "watu" alichora nyuso alizozizoea. Kisha wachongaji waligeuza kila kivuli kuwa mistari. Yule aliyeona kwa macho yake alikuwa mbali, hana habari kazi yake imefikia wapi, na aliiona picha yake gazetini pale tu gazeti lilipomfikia alikokuwa.

Picha iliyopeleka chakula, picha iliyofungua zizi

Pamoja na udhaifu wake, njia hii ilifanya mambo ambayo maneno peke yake hayakuyaweza. Mwanzoni mwa 1847 Ireland ilikuwa katika njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi. Taarifa zilizofika London zilitisha kiasi kwamba wengi waliona zimetiwa chumvi. Gazeti la Ingram likamwomba mchoraji wa mji wa Cork, James Mahony, aende magharibi akahakikishe kwa macho yake. Alifika Clonakilty na Skibbereen. Huko Clonakilty kundi la wenye njaa lilizunguka gari la farasi alilosafiria, na kati yao alikuwapo mwanamke aliyembeba mtoto wake maiti mikononi, akiomba pesa za jeneza. Mahony alimchora. Picha zake zilitoka Februari 1847, matoleo mawili mfululizo.

Ukizitazama leo utaona kwamba maneno ya Mahony yanatisha kuliko michoro. Miili katika picha haikukonda kama anavyoieleza katika makala, na sura ya yule mama ina utulivu wa sanamu za kanisani. Hata hivyo picha ile ilimtoa mwanamke mmoja katika hesabu ya maelfu, ikamweka mbele ya wasomaji walioketi mezani kwao wameshiba. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema hatukujua.

Miaka 11 baadaye, huko New York, Frank Leslie aliwatuma wachoraji wake kwenye mazizi ya ng'ombe yaliyojengwa kando ya viwanda vya pombe. Ng'ombe walilishwa makapi ya pombe, wakaoza mikia na kuota vidonda, na maziwa yao yakauzwa kwa ajili ya watoto wa mji kana kwamba yametoka mashambani. Michoro ya mwaka 1858 iliwaonyesha wanyama wagonjwa wakikamuliwa huku hawawezi kusimama. Wenye mazizi walikuwa na marafiki katika baraza la mji na walijitetea kwa nguvu, lakini mwaka 1862 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuyapiga marufuku maziwa yale. Hapo wachoraji walikuwa wameingia zizini wenyewe, na hilo ndilo lililozipa picha nguvu.

Kamera yaenda vitani, mchoraji abaki

Vita vya Crimea vilipopamba moto, gazeti la London lilikuwa likipokea michoro ya Mfaransa Constantin Guys, mtu aliyeweza kunasa mwendo wa farasi kwa mikato michache ya kalamu. Mwaka 1855 akafika huko pia mpiga picha Mwingereza, Roger Fenton, na gari lake la kukokotwa lililogeuzwa chumba cha giza. Alirudi na picha zipatazo 360. Zilikuwa picha nzuri za kambi, maofisa, mizinga iliyotulia na mabonde matupu. Vita vyenyewe havikuwamo. Kioo chake kilihitaji kupakwa dawa mbichi, kuwekwa kwenye kamera na kusubiri sekunde kadhaa bila mtu kutikisika. Hakuna askari awezaye kusimama namna hiyo katikati ya mapigano.

Basi kazi ikagawanyika. Kamera ilichukua kilichotulia, penseli ikachukua kilichotembea. Na hata kile cha kamera kilipofika ofisini kilipitia mtini kama vingine vyote, kikachongwa, kikachapwa na maneno ya kusema kwamba chanzo chake ni picha ya kamera. Wahariri walikuwa wamegundua kwamba maneno hayo yanaongeza imani ya msomaji, ingawa alichokuwa nacho mkononi kilikuwa bado ni kazi ya mchongaji.

Marekani ilionyesha jambo hilo waziwazi. Baada ya mapigano ya Antietam, Septemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wapiga picha wa Mathew Brady, akiwemo Alexander Gardner, walipiga picha za maiti zilizolala uwanjani. Zilipotundikwa katika ukumbi wa Brady mjini New York, watu walipanga foleni. Harper's Weekly lilizichapisha mwezi Oktoba zikiwa zimechongwa kwenye mti, maana njia nyingine haikuwapo. Mapigano yenyewe, askari wakikimbia na moshi ukipanda, yaliendelea kuletwa na watu kama Alfred Waud na Winslow Homer, penseli mkononi.

Ilikuwa kazi ya hatari. Mason Jackson, aliyesimamia picha za Illustrated London News kwa miaka mingi na kuandika historia ya magazeti ya picha mwaka 1885, anasimulia jinsi wachoraji walivyokamatwa kama majasusi katika vita vya Ufaransa na Prussia, hata mmoja wao akaanza kuchora kwenye karatasi za kusokotea sigara ili akikamatwa auvute ushahidi. Paris ilipozingirwa mwaka 1870, michoro ilitoka mjini kwa maputo ya hewa yaliyoruka juu ya vichwa vya maadui. Frank Vizetelly, aliyewahi kuvichora vita vile vya Marekani akiwa upande wa Kusini, aliingia Sudan mwaka 1883 pamoja na jeshi la Hicks Pasha lililotumwa kupambana na Mahdi, kiongozi wa uasi wa huko. Jeshi lile liliangamizwa karibu na El Obeid mwezi Novemba, na Vizetelly hakuonekana tena.

Ujiji katika kibao

Sasa tuje kwetu. Kwa tarehe aliyoiandika mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mwenyewe, ilikuwa 10 Novemba 1871 alipoingia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akamkuta mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Hapakuwa na kamera wala mchoraji wa gazeti. Stanley alirejea pwani, akavuka hadi Unguja, na kufika London mwanzoni mwa Agosti 1872. Tarehe 10 ya mwezi huo, miezi tisa baada ya tukio, Illustrated London News likatoa picha ya makutano yale. Wazungu wawili wamevua kofia kusalimiana, bendera ya Marekani ipo, na wenyeji wa mji wamesimama kushuhudia. Chini yake Stanley alitoa tamko lenye sahihi yake: vifaa vya picha alivitoa yeye, na picha ni sahihi sawasawa na kama tukio lingepigwa kwa kamera.

Tamko hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Wachongaji hawakuwa wameiona Ujiji. Shahidi pekee aliyeulizwa ndiye aliyekuwa shujaa wa habari yenyewe. Tena dhamana aliyoitoa aliiazima kwa kamera ambayo haikuwapo. Kwa hiyo tayari mwaka 1872 kamera ilikuwa imekuwa kipimo cha ukweli, hata pale ambapo haikufika.

Mashahidi wengine walikuwapo tele. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumpasha bwana wake habari ya mgeni. Chuma, mtumishi mwenzake, alikuwapo. Upande wa Stanley alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, ambaye alikuwa amekwisha kuivuka nchi ile na wavumbuzi Burton na Speke miaka mingi kabla Stanley hajafika huko. Walikuwapo wapagazi waliotoka Bagamoyo wakiwa na mizigo vichwani, na Waarabu na Waswahili wa Ujiji ambao mji ulikuwa wao na ambao walikuwa wenyeji wa wote wawili. Mtu hata mmoja kati yao hakuulizwa alikuwa amevaa nini, amesimama wapi, wala amesema nini. Katika kibao wakawa umati wa nyuma ya tukio, na mchongaji wa umati alichonga umati.

Picha ile na nyingine zilizoifuata, ikiwemo ile ya kitabu cha Stanley cha mwaka huo huo, zimezaa mamia ya nakala, na vizazi vya wanafunzi Afrika Mashariki vimelijua tukio lile kwa sura hiyo. Haina budi kusemwa wazi kwamba ni ushuhuda wa mtu mmoja. Ukitaka tofauti, linganisha na Juni 1875, Seyyid Barghash alipozuru Uingereza. Huko magazeti ya picha yalimchora akiwa mbele ya macho ya wachoraji wenyewe, Sultani wa Unguja katika joho na kilemba chake, na sura iliyotoka ni ya mtu mwenye jina. Aliyechorwa akiwapo alipata uso. Aliyechorwa kwa kusimuliwa, akasimuliwa na mwingine, alipata nafasi ya nyuma.

Nukta zachukua nafasi ya mistari

Mwisho wa vibao ulianza New York. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic lilichapisha picha ya mtaa wa vibanda iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja, bila mchongaji kuipitisha patasi. Siri yake ilikuwa wavu. Picha ya kamera ikipigwa upya kupitia kioo chenye mistari myembamba, vivuli vyake huvunjika kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Mashine bado inajua penye wino na pasipo wino tu, lakini jicho la msomaji huzichanganya nukta likaona kivuli. Mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza ya njia yake ya kufanya hivyo, na katika miaka iliyofuata vioo viliboreshwa hadi kazi ikawa rahisi na ya bei nafuu.

Wachongaji, mafundi waliojifunza kazi kwa miaka mingi, walipoteza riziki ndani ya muda mfupi. Vincent van Gogh, ambaye alinunua na kukusanya kwa upendo michoro ya mti kutoka gazeti la The Graphic la London, aliwatambua kuwa wasanii wakati wengine waliwaona vibarua wa magazeti. Wachoraji wa vitani walidumu kidogo zaidi, kwa kuwa kamera zilikuwa bado nzito, na mapigano ya Omdurman, Sudan, ya 1898 na vita vya Makaburu bado vilichorwa kwa wingi. Baada ya hapo kamera ikashika usukani.

Tulichopoteza hapo hakikuwa ukweli, maana picha ya mti haikuwa na ukweli kamili. Tulipoteza kuuona mkono. Juu ya picha ya mti mistari ya patasi imesimama wazi, na msomaji mwangalifu anaweza kuuliza nani aliona, nani alichora, nani alichonga, na nani hakuulizwa. Picha ya kamera inaficha mikono yake vizuri zaidi, ingawa inayo: aliyechagua pa kusimama, aliyekata pembe, mhariri aliyeandika maelezo chini yake.

Wahenga walisema kusikia si kuona. Wachoraji wa karne ya 19 wanatufundisha kwamba hata kuona kwa jicho la mwingine ni namna ya kusikia, na anayesikia ana haki ya kumhoji msimulizi. Mwalimu atakayelionyesha darasa picha ya Ujiji awape wanafunzi kazi hiyo: wahesabu watu waliomo, kisha waandike ni wangapi walioulizwa kilichotokea. Wataijua historia ya mkutano ule, na watajua pia jinsi ya kuisoma picha itakayowafikia kesho.